Kizingitini kwa Bwana Sindano

Bwana Sindano alikuwa na kipimo chake cha kusindikiza watu. Muuza karanga aliyebisha hodi, akaketi kidogo, akaondoka: kizingitini. Jirani aliyekuja kuuliza habari ya mgonjwa: mpaka mtaroni, pale maji machafu ya Buyenzi, mtaa wetu hapa Bujumbura, yanapopita mbele ya nyumba zote bila kubagua. Rafiki: mpaka kwenye kona, kwa mshona viatu. Hapo alikushika mkono, akautikisa mara tatu, akageuka bila neno na hakutazama nyuma.

Nchi hii kila mtu anasindikiza mgeni. Kumwacha atoke mlangoni peke yake ni kumwambia asirudi. Lakini yeye alipima. Mimi kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa kona. Halafu kwa miaka minne nikawa mtu wa kizingiti, sawa na muuza karanga. Kosa lilikuwa langu, na nusu ya kosa hilo yeye hakuijua. Nitalisema lote, maana mimi si mtu wa kuzungukazunguka.

Alikuwa mtu wa chanjo. Maisha yake yote ya kazi alipanda na kushuka milima iliyo juu ya mji huu, sanduku la baridi begani, akichoma watoto sindano. Ndiyo maana Buyenzi walimwita hivyo, na vilimani vilevile. Jina alilopewa na wazazi wake nalijua, lakini sikuwahi kumwita nalo, na leo si siku ya kuanza. Alizaliwa kilima gani sikuuliza. Yeye pia hakuniuliza yangu. Mimi ni fundi wa magari. Shule niliiachia darasa la tatu, nikaenda kuosha vipuri vya watu kwa petroli, na leo nina garaji ambayo ukuta wake nimeujenga mwenyewe, tofali kwa tofali. Mtu akitaka kunidharau aje auangalie ule ukuta kwanza.

Tulikaa nyumba tatu mbali. Yeye Mkristo, mimi Muislamu. Ijumaa alizima redio yake, na Jumapili mimi sikupiga nyundo mpaka arudi misa ya kwanza. Akirudi hakwenda kwake. Alikuja kwangu moja kwa moja, ana kofia yake ya nyasi, anapiga bati la mlango kwa kiganja.

"Fundi! Iko mafuta?"

"Iko kidogo."

"Kidogo inatosha. Leo tunaenda kutembea."

Kwenda wapi, hakusema. Ilikuwa hivyo kila kiangazi, Jumapili kwa Jumapili, tangu mvua ya mwisho mpaka mvua ya kwanza.

Lazima nieleze kiangazi cha Bujumbura kwa asiyekijua. Vumbi linakaa hewani kama unga, milima inaungua majani usiku, na mchana inabaki na madoa meusi, na mji mzima unataka kutoka. Madiaspora wanashuka na masanduku yao. Jumamosi ni harusi juu ya harusi, na Jumapili kila mwenye gari anaelekea plaje, ufukweni mwa ziwa. Unangoja saa nzima kuingia, unangoja saa nyingine samaki wako aive, muziki wa huku unapigana na muziki wa kule, na ziwa lenyewe hulioni. Unaona migongo.

"Ile apana kutembea," Bwana Sindano alisema. "Ile ni kutoka mu foleni ya mafuta na kwenda mu foleni ya samaki."

Yeye alitupeleka mahali ambapo hakuna aliyefikiri kwenda. Tuliwahi kushinda siku nzima kwa mtu anayekamua mawese, tukala mihogo iliyochovywa mafuta ya moto mpaka midomo ikang'aa. Tuliwahi kukaa chini ya daraja bovu kuwangoja ndege aliosema watakuja saa tisa, na saa tisa wakaja, na yeye akatazama saa yake kama mkuu wa stesheni. Lakini safari ninayoikumbuka kuliko zote ni ya Buterere.

Siku hiyo gari lilikuwa limejaa. Nilikuwa na minibasi nyeupe, kuukuu, injini yake nimeifungua mara nyingi kuliko ninavyofungua mlango wa nyumba. Mbele alikaa Bwana Sindano. Nyuma yake alikaa Mama Vitenge, mwanamke aliyekimbia Congo akapanga chumba nyuma ya garaji yangu, anauza vitambaa sokoni na mdomo wake haufungwi. Alikuwa amevaa viatu virefu vya rangi ya dhahabu. Tulipopita maghala ya Quartier Industriel, tukaiacha lami, tukaingia kwenye njia ya mashamba ya mpunga, akaanza.

"We Muzee! Buterere? Kule kwa mbu?"

"Kule kule."

"Mi nimevaa viatu ya harusi juu ya kuja kuangalia matope?"

"Vua."

"Nivue nini?"

"Viatu. Matope haina harusi."

Gari zima likacheka, na yeye akacheka, lakini aliendelea kulalamika mpaka tulipofika kwenye tuta. Mpunga ulikuwa umekatwa. Tulipanda juu ya tuta mmoja mmoja, miguu mitupu. Pale juu mji unakuwa nyuma yako, na mbele hakuna kitu kinachozuia macho: mabua ya mpunga, ndege weupe wanaofuata maji yaliyobaki, na mbali kabisa milima ya Congo imesimama ndani ya moshi wa kiangazi. Mama Vitenge alinyamaza. Mama Vitenge hanyamazi.

"Kwetu iko nyuma ya ule wenye kukatika," akasema baadaye.

"Najua," Bwana Sindano akamwambia.

"Ulijua namna gani?"

"Siku moja ulinionyesha kwa mukono, ukiwa unauza. Lakini kule sokoni ulikuwa unaonyesha ukuta."

Akavua kofia yake ya nyasi akamvika, kwa sababu jua lilikuwa kali, halafu akaenda kukaa mbali, kitu kama hatua ishirini, akampa mgongo. Sote tukafanya hivyo. Tulikula huko huko mbali, yeye tukamwacha na milima yake mpaka alipotaka.

Chakula kilitoka kwenye sanduku la baridi. Lile lile la chanjo. Alipoacha kazi walimwachia moja lililochakaa, mkanda wake ameushona mara nne, na ndani yake alibeba ndizi zilizopikwa, samaki wa mukeke wa kukaanga, na nyama ikiwa mimi ndiye niliyechinja. Hakula nyama nyingine Jumapili hizo, ili tule sahani moja. Mgeni akiona kile kifuniko alisita.

"Tunakula mu sanduku ya sindano?"

"Sindano ilikuwa inakaa vizuri kuliko mukeke," alijibu. "Sindano haina miiba."

Na vilimani, huko ndiko ungecheka. Tunapita, mwanaume mzima na baiskeli yake imebeba ndizi mikungu sita anateremka kwa kasi, anamwona, anafunga breki kwa kisigino. Anapandisha mkono wa shati, anaonyesha kovu begani.

"Ni we! Mi nilijificha mu pipa, ukanitoa kwa muguu!"

"Pipa ya pombe," anasema Bwana Sindano. "Ulikuwa unanuka."

Wanashikana, wanacheka, na tunaondoka na ndizi. Nimeona polisi akipandisha mkono wa sare. Nimeona mwanamke mwenye wajukuu akimwonyesha kovu na kumdai pole ya tangu utoto, naye akamwomba radhi kwa heshima zote, kofia mkononi.

Na mtu huyu, nasema kweli, alikuwa anaogopa sindano. Malaria ilipompata, muuguzi alipokuja na bomba, alianza kumweleza kwa Kifaransa faida za vidonge. Tulimshika watu wawili. Alilia. Mikono iliyochoma kilima baada ya kilima ilining'ang'ania shati kwa sababu ya sindano moja.

Hakuwa malaika. Alichukia umati, lakini peke yake hakwenda popote. Gari likipungua mtu mmoja, alishuka akaanza kugonga milango ya majirani. Alipenda watu wacheke, lakini ukitupa karatasi chini, siku imekwisha. Shemeji yangu alitupa karatasi ya biskuti dirishani, tulikuwa tumefika mtaa wa Carama tu, bado mjini, na Bwana Sindano akaniambia nigeuze gari. Niligeuza. Watu kumi na mmoja tukarudi nyumbani saa tatu asubuhi na vyakula vyetu kwa sababu ya biskuti. Shemeji yangu mpaka leo akisikia jina lake anatema mate.

Na alikuwa na sheria moja iliyozidi zote. Kabla hujaona mahali, umwone mwenye mahali. Kila safari tulibeba chumvi na sabuni. Tukifika, hata kama maji yanaonekana pale, hata kama watoto wamekwishavua nguo, tulienda kwanza kwa nyumba iliyo karibu, tunaketi, tunasalimia, tunatoa chumvi na sabuni, tunakunywa tulichopewa. Halafu ndipo tunauliza, je, tunaweza kukaa kidogo kwenu? Alisema huko vilimani alijifunza jambo moja kubwa kuliko shule yote ya udaktari. Mama ukimuuliza nyumbani mtoto anaendeleaje, anasema muzuri. Anakupa kiti, anakupa maji, muzuri. Ni pale anapokusindikiza, mnatembea bega kwa bega, hakuna anayemtazama mwenzake, ndipo anasema mtoto halali siku tatu.

"Habari ya kweli inakaa njiani, Fundi. Inangoja mugeni anataka kwenda."

Sasa niseme ya chemchemi. Iko wapi, sitaji. Utaona kwa nini.

Ilikuwa ni juu ya mji, huko ambako barabara inakwisha. Gari tuliliacha kwenye jiwe jeupe, kisha tukapanda kwa miguu kati ya mihogo. Maji yalitoka chini ya mwamba, baridi ya kuuma meno, yakajaza shimo lenye ukubwa wa kitanda cha watu wawili, yakaendelea na safari yake. Hayo tu. Hakuna maporomoko, hakuna kitu cha kupiga picha. Lakini ukikaa pale saa mbili, unatoka mtu mwingine, na mimi si mtu wa kusema maneno ya namna hiyo.

Mwenye mahali alikuwa mama mzee, mjane, nyumba yake ndogo iko juu ya maji. Ndani ya nyumba hakusema kitu. Alitupa pombe ya ndizi, na mimi akanipa maji kwa sababu alijua dini yangu. Jioni alitusindikiza mpaka kwenye jiwe jeupe, yeye na Bwana Sindano mbele, sisi nyuma. Njia ile ndefu ndiyo ilikuwa baraza lake. Nilisikia mambo yake yote nikiwa nyuma ya migongo yao: mwanawe aliyehamia ng'ambo ya kilima na hamtembelei, mbuzi wa jirani, ndoto zake. Kwenye jiwe alisimama, tukaagana, akarudi. Kwa miaka mingi ilikuwa hivyo, mara moja kila kiangazi.

Halafu goti la Bwana Sindano likamkataa. Tulikuwa tunateremka, yule mama yuko pembeni yake, na yeye akakaa tu chini katikati ya njia kama mtoto. Tulimbeba. Alipofika garini uso wake ulikuwa wa majivu, si kwa maumivu, kwa aibu.

"Basi," akasema. "Chemchemi mi nimemaliza."

Hilo neno sikulikubali. Mimi maisha yangu yote kitu kikikataa kwenda, nakifungua, natafuta ubovu, natengeneza. Ubovu nikauona haraka: njia ni nyembamba, mtu haendi tena kwa miguu, basi gari lipande. Nikaenda mwenyewe siku ya kazi kumwona yule mama. Nikamweleza. Akauliza:

"Na Bwana Sindano anasemaje?"

Nikamwambia, "Yeye ndiye amenituma."

Hakunituma. Hakujua hata kidogo. Nilitaka aone siku imekwisha kutengenezwa, kama gari unalomkabidhi mwenyewe limeoshwa. Nilisema uongo kwa jina lake, na yule mama akaniambia, "Kama ni yeye, sawa."

Nilileta watu wa majembe kutoka kilimani, nikatoa bomba nene la chuma kwenye vyuma chakavu vya Quartier Industriel, nikalilaza kwenye korongo, tukajaza mawe. Majuma matatu. Nakwambia ile barabara ilikuwa nzuri. Hata leo iko, mvua haikuiweza. Kiangazi kilichofuata nikampakia Bwana Sindano bila kumwambia, tukalipita jiwe jeupe, tukapanda na gari mpaka kwenye maji kabisa. Tairi la mbele lililowa. Nikapiga honi mara mbili, kwa furaha.

Hakushuka. Alitazama mbele tu. Yule mama alitoka nyumbani kwake mbio, anajifunga kitambaa, hajawa tayari, maana kwa kawaida alituona tukipanda kwa mbali na alikuwa na muda.

"Rudisha nyuma," Bwana Sindano akaniambia.

"Muzee, tumefika."

"Rudisha nyuma, Fundi."

Nilirudisha mpaka tairi likatoka majini. Baadaye alishuka, akaketi kwa yule mama, chumvi na sabuni vikatolewa, lakini kila mtu alikuwa kama yuko kwenye matanga. Jioni tukaingia garini. Yule mama alitembea pembeni ya dirisha hatua mbili, tatu, akitaka kusema kitu. Lakini gari likiteremka mlima haliendi mwendo wa mwanamke mzee. Nikaliachia. Bwana Sindano alikuwa anatazama kioo cha pembeni. Na mimi nilitazama. Alikuwa amesimama katikati ya barabara yangu mpya, mkono uko juu, na vumbi letu linamfunika.

"Umemuacha mutu anasindikiza vumbi," akasema.

Siku mbili baadaye nilikwenda kwake. Tuliongea habari za mtaa. Nilipoondoka alisimama kizingitini, akaegemea mwimo wa mlango. Mimi nikavuka mtaro nikidhani anafuata. Nikageuka. Bado yuko pale pale.

Ikawa hivyo. Safari za Jumapili zikaisha. Alinikaribisha, alinipa chai, alicheka hata, na kila mara kizingitini. Mtu mwingine angeona ni jambo dogo. Mke wangu aliniambia nimwombe msamaha. Nikasema msamaha wa nini, wa barabara? Nimemtengenezea mtu barabara! Huo ndio ujinga wangu, na niliulea vizuri.

Barabara haichagui wa kupita. Kwanza zikaja gari mbili, tatu za vijana wenye spika. Halafu mtu wa brosheti, mishikaki ya huku kwetu, na makaa yake. Halafu kila Jumapili ikawa plaje bila ziwa, chupa ndani ya yale maji. Halafu yakaja malori ya mawe. Mwamba ule walioutoa ndio uliokuwa unashika maji. Nilipanda kuangalia mara moja: tope, nyayo za ng'ombe, na ile barabara yangu imesimama imara kabisa. Mlango wa yule mama ulikuwa umetolewa bawaba. Jirani akaniambia amekwenda kwa mwanawe, ng'ambo ya kilima. Sikuenda ng'ambo. Niliteremka.

Kwa Bwana Sindano sikusema. Wakati huo presha ilikuwa imemwangusha, upande mmoja umekuwa mzito, na binti yake amemchukua kwake Carama.

Mwaka huu mwanzo wa kiangazi binti huyo aliniita kwa simu. Akaniita Tonto, yaani mjomba: Papa anataka kukuona, Tonto, njoo. Mafuta hayakupatikana siku hizo, minibasi ilikuwa imelala, basi nikatoka Buyenzi kwa miguu. Mtu wa umri wangu. Nilifika shati limeshikana na mgongo. Binti alinisimamisha uani kabla sijaingia.

"Tonto, nakuomba kitu. Atakuuliza juu ya chemchemi. Usimwambie."

"Nisimwambie nini?"

"Mi nimesikia vile iko. Lakini ile ndiyo dawa yake. Kila asubuhi anaamka, anashika fimbo, anahesabu hatua. Daktari alisema hatatembea tena, na anatembea. Anasema anajitayarisha kupanda. Ukimwambia maji imeisha, atalala, na hataamka."

Nikaingia. Alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amepungua, lakini lile sanduku la baridi liko chini ya kiti, na kofia juu yake.

"Umekuja na nini?"

"Na miguu, Muzee."

"Kutoka Buyenzi?"

"Mafuta hakuna."

"Ah. Basi apana heshima. Ni foleni ya mafuta."

Tulicheka. Nilikunywa maji vikombe viwili. Akanisogezea mdomo, kama mtu mwenye siri nzuri.

"Leo nimefika makumi nne na mbili."

"Ya nini?"

"Hatua! Toka kitanda mpaka jikoni, kurudi, na ingine tena. Mwezi uliopita ilikuwa saba. Kutoka jiwe jeupe mpaka kwa maji ni mia sita, nilihesabu zamani nikiwa na nguvu. Kiangazi kijacho, kama Mungu anapenda, nusu natembea, nusu unanibeba. Lakini kwa njia ile ya zamani, Fundi. Ile yako apana."

Nikaangalia mlango. Binti alikuwa amesimama pale na sahani, ananitazama kwa macho ya kuomba. Nilikuwa na neno tayari mdomoni, neno rahisi: sawa, Muzee, kiangazi kijacho. Ni maneno manne. Lakini niliwahi kusema maneno rahisi kwa jina la mtu huyu, na niliona yalikotufikisha.

"Muzee, maji hayako."

Akaichukua fimbo, akailaza magotini. Nikaendelea:

"Malori ilichukua mwamba. Iko tope. Njia ya zamani imelimwa na magurudumu. Yangu ndiyo imebaki."

Binti aliweka sahani chini kwa kishindo akatoka.

"Na yule mama?" Bwana Sindano akauliza.

"Alihama. Kwa mwanawe."

"Lini?"

"Sijui. Sikwenda kuuliza." Nikaona nimekwisha kuanza, nimalize. "Na iko kitu ingine. Kabla ya kuchonga ile barabara, nilimuomba ruhusa. Akauliza wewe unasemaje. Nikamwambia ni wewe umenituma."

Alinigeukia. Jicho moja halikuwa likifunga vizuri, lilikuwa linatoa maji, na sikujua kama ni ugonjwa.

"Miaka mine," akasema polepole, "mi nimemukasirikia yule mama. Nilisema amechoka na wageni wa miguu, amependa magari. Nikasema, sawa, akae na magari. Sikutuma hata salamu. Hata chumvi."

Akageukia dirisha.

"Na yeye huko alikuwa anasema ni mi nimetuma magari."

Nikainuka. Nilijua leo hata kizingiti sitakipata. Nikasema, "Muzee, mi naenda," nikavaa viatu, nikatoka uani bila kungoja jibu. Nilikuwa karibu na lango niliposikia fimbo kwenye saruji.

Alikuwa amesimama mlangoni. Kofia kichwani. Binti akaja mbio kutoka jikoni, mikono ina unga.

"Papa! Unaenda wapi?"

"Iko mugeni."

Akavuka kizingiti. Fimbo, mguu mzima, mguu mzito unaburuta. Nilirudi nimshike, akanipiga mkono.

"Muzee, inatosha. Utaanguka."

"Nyamaza. Nahesabu."

Tulitembea bega kwa bega. Sikumtazama. Kutoka mlangoni mpaka langoni, kutoka langoni kupita ukuta wa jirani wanakofuga bata. Alipumzika mara mbili, mkono ukutani. Jasho lilikuwa linamtoka puani. Carama nako kuna mtaro mbele ya nyumba, umekauka kwa kiangazi. Hapo alisimama. Kona ilikuwa inaonekana mbele, ina mtu anayeuza kadi za simu chini ya mwavuli. Hakuitazama.

"Makumi tano na tatu," akasema. Alingoja pumzi. "Utakwenda kwa yule mama. Ng'ambo. Na miguu. Chumvi na sabuni. Utamwambia mwenyewe nani alimtuma nani."

"Ndiyo, Muzee."

"Halafu utakuja kuniambia vile alisema. Apana kwa simu."

Hakunipa mkono. Aligeuka. Nilisimama upande wangu wa mtaro nikamwona akirudi, na nikahesabu. Aliyesindikizwa hamfuati aliyemsindikiza, kwa hiyo hata alipoegemea ule ukuta wa bata muda mrefu sikuvuka. Binti alimngoja langoni. Aliingia. Hakutazama nyuma.

Kabla sijafika barabara kubwa niliingia kibandani nikanunua chumvi kilo moja na mche wa sabuni. Mwenye kibanda alinitazama, mzee mwenye vumbi mpaka magotini, akauliza kwa adabu, kama watu wanavyouliza wakiona mtu amebeba vitu hivyo:

"Muzee, unaenda kutembelea, ao iko matanga?"

Nikamwambia bado sijui.